Laptopu nne za stoo: shajara ya kuzipiga Linux, Julai mpaka Agosti 2025

Jumamosi 12 Julai

Mama mdogo ana steshenari karibu na stendi ya Msamvu hapa Morogoro, anatoa kopi, anachapa barua, anajazia watu fomu za mtandaoni, na saizi dirisha la mkopo wa chuo liko wazi kwa hiyo vijana wa form six wamejaa mpaka barazani na mashine inayofanya kazi ni moja. Kuna ofisi ilikuwa inasafisha stoo, akapata laptopu nne kwa hela ya kutupa, akanipigia simu, mwanangu njoo unipigie windo. Shikamoo mama, hizi ukizipiga windo mpya hazitembei, labda nizipige Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendeshea kompyuta. Hiyo inafungua ukurasa wa Bodi ya Mikopo? Inafungua. Inaprinti? Inaprinti mama. Haya piga basi.

Naandika hii kwa sababu mwaka jana nilihangaika na laptopu ya shemeji wiki tatu, ikapona, na leo ukiniuliza niliiponyaje sikumbuki hata kidogo.

Wagonjwa wenyewe nimeshawabandikia karatasi. Bibi ni Pentium M ya GHz 1.6, biti 32, ramu GB 1, diski ya IDE ya GB 40, nzito kama tofali. Bubu, Mbishi na Kichaa zote ni Core 2 Duo za 2008 mpaka 2010 hivi, Bubu ana ramu GB 2 hao wengine GB 4. Majina mengine yamekuja baadaye nilipoanza kuwajua tabia, hapo mwanzo yalikuwa 1, 2, 3, 4.

Zote nne ukiwasha zinasimama kwanza kukwambia saa haijawekwa bonyeza F1, moja inadhani tuko 2008. Betri za laptopu zenyewe zimekufa, zinaishi kwa chaja tu. Nimeweka tarehe kwa mkono nikaendelea.

Jumamosi hiyo hiyo usiku

Nimeanza na Bibi nikidhani ndiye mwepesi. Nilikuwa na flashi yenye Xubuntu 18.04, aina mojawapo ya Linux, ile ya biti 32, nikachomeka, skrini nyeusi na mstari mmoja: This kernel requires the following features not present on the CPU: pae. Basi.

PAE ni ule uwezo wa prosesa ya biti 32 kufikia ramu zaidi ya GB 4, na keneli nyingi za biti 32 (keneli ndiyo moyo wa Linux unaoongea na maunzi) zilikuja kuufanya lazima hata kama una ramu ya GB 1 kama Bibi. Sasa cha kuchekesha, baadhi ya hizi Pentium M uwezo wanao ila hawautangazi, ni kama mtu ana leseni ya udereva kaiacha nyumbani, trafiki akimuuliza anasema sina. Unaongeza neno forcepae kwenye mstari wa kubuti, yaani wa maagizo ya kuwashia mashine, na keneli inaamua kumwamini. Nikaongeza, ikawaka.

Halafu ndio nikakumbuka Debian 12, aina nyingine ya Linux, ile ya i386 yaani biti 32, inakuja na keneli ya 686 isiyodai PAE kabisa na instola inachagua yenyewe inayomfaa. Yaani saa mbili nimepigana na mlango wakati dirisha liko wazi. Nimemuweka Debian 12, desktopu ya LXQt, kalala saa saba usiku anashusha vifurushi kwa bando langu.

Hao wengine wote wanakula Debian 12 pia, ya amd64 yaani biti 64, na desktopu ya Xfce. Sababu ni moja, tangu itoke Juni 2023 flashi yake ya kawaida imebeba na famuwea zile zisizo huria (famuwea ni programu ndogo inayoingia ndani ya kadi ndipo ifanye kazi), zamani ulikuwa unainstoli halafu ndio unagundua kadi ya waifai haina famuwea na famuwea iko kwenye intaneti na intaneti inataka waifai.

Jumatano 16 Julai

Nilichosema hapo juu kuhusu famuwea kimenirudia usoni. Bubu kainstoliwa vizuri, sauti ipo, skrini ipo, waifai hakuna. Hakuna hata alama.

lspci -nnk, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo, inasema kadi ni Broadcom BCM4312, namba 14e4:4315. Hizi famuwea yake hairuhusiwi kusambazwa ndani ya Debian, kwa hiyo haimo kwenye flashi hata ile ya 12, kuna kifurushi tu kinaitwa firmware-b43-installer kwenye contrib, fungu la pembeni la vifurushi vya Debian, ambacho kazi yake ni kwenda kuichukua mtandaoni. Nikachomeka simu kwa waya wa USB nikawasha kushea intaneti, hiyo Linux inaitambua papo hapo bila kuuliza chochote, na kwa kweli kama una laptopu ya zamani na simu ya Android na waya mzima basi nusu ya shida umeshaimaliza.

Hapo ndipo nikafanya ujinga. Nilikuta maelekezo mawili, moja linasema b43, lingine linasema broadcom-sta-dkms ambayo inaleta draiva, programu ya kuendesha kadi, inaitwa wl. Nikasema ngoja niweke zote mbili, itakayofanya kazi ifanye. Nikarestati. Hakuna waifai. Na simu inasoma bando limebaki MB 300.

Alhamisi 17 Julai

Nimeamka nikasoma kwa utulivu. Jana kabla sijaweka wl, lspci -k ilikuwa inaonyesha b43-pci-bridge ndiyo imeishika kadi, yaani mlango ulikuwa umefunguliwa na imebaki famuwea tu. Kwenye dmesg (kumbukumbu ya maneno ya keneli) ya jana hiyo hiyo kuna mstari b43-phy0 ERROR: Firmware file "b43/ucode15.fw" not found. Mashine ilishasema inataka nini, kwa jina la faili kabisa, mimi ndio nilikuwa sisomi.

Kumbe broadcom-sta-dkms ikiingia inaweka na faili kwenye /etc/modprobe.d, folda ya kuamua draiva zipi ziingie, la kuwafungia nje b43 na ssb na wenzao, ili yenyewe ipate kadi peke yake. Ni haki yake, kadi moja haiwezi kuwa na draiva mbili. Nikasema basi wl atoke nibaki na b43, nikapiga apt remove broadcom-sta-dkms, nikarestati, na sasa ndio ikawa mbaya zaidi, lspci -k haionyeshi draiva yoyote imeshika.

Hii imenila mpaka saa nane mchana. apt remove inaondoa programu lakini mafaili ya mipangilio inayaacha. Kwa hiyo wl kaondoka lakini ile amri yake ya kumfungia b43 nje bado imebandikwa mlangoni. Mpangaji kahama kaondoka na ufunguo. Dawa ni apt purge broadcom-sta-dkms, halafu update-initramfs -u, halafu kurestati. Taa ya waifai ikawaka ya bluu nikapiga kelele mpaka mteja wa kopi akageuka.

Ni 802.11b/g tu, haikimbii, ila fomu haihitaji kukimbia.

Jumamosi 19 Julai

Umeme umekatika katikati ya kuapdeti Mbishi, na kwa kuwa betri haina uhai mashine ikazima hapo hapo kama taa. Ulivyorudi: dpkg --configure -a, halafu apt -f install, imemaliza ilipoishia. Dogo anayemsaidia mama mdogo dukani alikuwa ananiangalia akasema kaka mbona hukuanza upya. Hakuna haja bwana mdogo.

Jumatatu 21 Julai

Mbishi. Waifai anaiona, draiva ya iwlwifi imeshika kadi ya Intel, famuwea ipo, ila ukibonyeza kuunganisha inagoma. rfkill list, amri ya kuonyesha redio zipi zimefungwa:

phy0: Wireless LAN
Soft blocked: no
Hard blocked: yes

Soft ni kufungwa na programu, unafungua kwa rfkill unblock all. Hard ni kufungwa na kitu cha kushikika, swichi, na hiyo amri yoyote haiigusi. Swichi ya Mbishi iko pembeni kushoto, au ilikuwepo, maana kimebaki kishimo, plastiki imevunjikia ndani. Nimeingiza sindano nimeisukuma huku na huku, dmesg iko kimya.

Nimewahi kukutana na laptopu ambayo moduli (kipande cha keneli) ya kiwandani, zile zenye jina linaloishia na wmi au laptop, ndiyo inayodanganya kwamba swichi imefungwa wakati haijafungwa, ukiifungia nje kwenye modprobe.d waifai inafunguka. Kwa hiyo nimejaribu hilo kwanza kwa sababu ni bure na halihitaji bisibisi. Hakuna kilichobadilika, na dmesg ina mstari wa iwlwifi wenyewe: RF_KILL bit toggled to disable radio. Huo hautoki kwenye moduli ya pembeni, huo unatoka kwenye kadi, maana yake kuna waya kweli unaiambia kadi zima redio. Bisibisi basi.

Jumatano 23 Julai

Hii nitaieleza vizuri maana nimeifurahia.

Kadi ya waifai ya hizi laptopu ni mini PCIe, kile kikadi chenye meno ya dhahabu 52, namba za witiri upande wa juu na za shufwa upande wa nyuma. Jino la 20 ndilo linalobeba ule ujumbe wa zima redio. Ukilifunika lisiguse soketi, kadi haisikii tena swichi, inajiona iko huru. Kulipata: geuza kadi uone mgongo, kuna pengo linalogawa meno, upande mfupi yako manane na upande mrefu kumi na nane. Anza kwenye pengo kwenda upande mrefu, la kwanza ni 18, la pili ndilo 20.

Nikakata utepe wa umeme kwa wembe, uzi mwembamba kabisa, nikabandika kwa kibanio cha nyusi cha mama mdogo. Nikiichomeka kadi utepe unavutwa na soketi unajikunja, mara tatu, mara ya tatu umefunika na jino la 22 kadi ikapotea kabisa hata lspci haiioni, nikatokwa jasho. Jino la 22 ndilo la kurizeti, lisipogusa kadi haiamki.

Mwishoni nimeenda saluni ya jirani nikaomba rangi ya kucha. Dada akaniangalia mimi, akaangalia kadi, akasema unataka nyekundu au ya maganda? Nikapaka tone moja kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nikasubiri robo saa ikauke, nikarudisha kadi, waya mbili za antena juu, skrubu.

Hard blocked: no.

Rangi ya kucha ni kihami safi na haijikunji. Kama utajaribu chomoa chaja na betri kwanza, na tone liwe dogo kweli.

Jumamosi 26 Julai

Kichaa leo kaanza kazi, baada ya saa moja na nusu tu akaganda mtoto akiwa katikati ya fomu. Mama mdogo kanipigia simu na sauti ile ya kusema jina lako lote.

Dalili: mausi ya USB inaanza kurukaruka, halafu inasimama. Tachipadi yake ilishakufa zamani sijui kwa soda sijui kwa nini, kwa hiyo mausi ikifa kwa mteja ni mashine imeganda, anazima kwa kubonyeza swichi. Dogo anasema ni Debian, weka Ubuntu. Kwenye grupu letu la WhatsApp mmoja kasema weka Mint, mwingine antiX, mwingine kasema tupa. Nimewasha Mint ya kwenye flashi bila kuinstoli, nikaiacha na mausi: dakika 50, imekufa. antiX: saa moja na kitu, imekufa. Hizo zote chini ni keneli ile ile ya Linux, umebadilisha rangi ya gari injini ni moja, na nimepoteza Jumamosi nzima kuthibitisha hilo.

Jumatatu 28 Julai

Leo nilikuwepo ilipoganda. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F2 nikidhani haitajibu, ikajibu, ikanipa sehemu ya kulogini. Mashine haijaganda hata kidogo, kibodi inafanya kazi, ni USB tu iliyokufa. Nikapiga dmesg:

irq 16: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
Disabling IRQ #16

Sasa hapa ndio mgongano wa maunzi wa kweli. Hizo namba za IRQ ni kama kengele, kifaa kikitaka huduma kinapiga kengele na keneli inakimbia kumsikiliza. Kengele hazitoshi kwa hiyo vifaa kadhaa vinachangia moja. Ifikirie nyumba ya kupanga, geti moja, wapangaji watatu. Mtu anagonga hodi. Keneli inaenda kwa mpangaji wa kwanza, ni mgeni wako? Siyo. Wa pili, siyo. Wa tatu, siyo. Hodi inaendelea. Keneli ina uvumilivu wake, inahesabu hodi 100,000, na zikizidi 99,900 ambazo hazina mwenyewe inasema hapa kuna wazimu, inafunga geti. Na geti likifungwa mgeni wa kweli wa mpangaji wa pili, ambaye ni mausi yetu, naye anabaki nje.

Nikaangalia /proc/interrupts, hesabu ya hodi za kila geti, mstari wa 16 una uhci_hcd, hiyo ni USB, na firewire_ohci, hiyo ni FireWire, tundu la kuchomekea kamera za video, na namba imeganda. Nikasubiri, nikasukuma mausi, ile ile. Haipandi.

Jumanne 29 Julai

irqpoll, lile neno ambalo keneli yenyewe inapendekeza: mausi haifi tena lakini mashine imekuwa nzito, maana sasa kila hodi keneli inazunguka vyumba vyote. Kwa mashine ya 2009 hiyo ni adhabu, nimelitoa.

lspci -v inaonyesha walio kwenye IRQ 16 ni USB, FireWire, na ile sloti ya PC Card, ya kuchomekea vikadi pembeni. Hapa Msamvu hakuna mtu ataleta kamera ya FireWire wala PC Card, kwa hiyo wote wawili wanaweza kuzimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka, ila nataka kujua ni nani. Nimezima PC Card peke yake, dakika 40, nobody cared. Nimeirudisha, nimezima 1394, hilo ndilo jina la FireWire kwenye BIOS, na nimeiacha inatembea toka saa sita mchana. Saa mbili usiku nafunga duka bado iko sawa. Nadhani chipu yenyewe imechoka na inapiga hodi ovyo.

Jumatano 30 Julai

Mama mdogo: "Mwanangu, kichaa wako kaamka na kichaa chake."

Saa tatu asubuhi mausi imekufa. Dmesg ile ile, IRQ 16 ile ile. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nimeishiwa pozi.

Nimeingia BIOS. 1394 imewashwa. Tarehe ni 2008.

Yaani ile F1 ya siku ya kwanza, ambayo nilikuwa naibonyeza kila siku bila hata kusoma. Betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, imekufa, dukani wanazima umeme wote usiku kwenye swichi kubwa, betri ya laptopu haipo, kwa hiyo BIOS ya hii inalala haina kitu kabisa na inaamka na mipangilio ya kiwandani, FireWire ikiwemo. Dawa nilishaipata jana, mashine imeisahau tu.

Jumapili 3 Agosti

Betri za CR2032 zipo duka lolote la saa, lakini hizi za laptopu zina waya mbili na plagi ndogo. Fundi ninayemjua Kariakoo kanitumia nne kwa basi, nimepokea stendi. Kwa Mbishi na Bubu iko chini ya mfuniko wa ramu, dakika tano. Kwa Kichaa iko chini ya kibodi. Kwa Bibi sijaifikia, skrubu mbili zimelika vichwa na sitaki kumvunja, tarehe yake ataipata kwenye intaneti akishaunganishwa.

1394 imezimwa tena. Nikachomoa chaja, nikaiacha usiku kucha bila umeme makusudi.

Jumatatu 4 Agosti

Tarehe sawa. 1394 imezimwa. Sijasema kitu kwa mtu.

Jumapili 10 Agosti

Jana Debian 13 imetoka. Nimeulizwa kama nitazipandisha. Hapana, siyo msimu huu, na Bibi ndio hana safari kabisa kwa sababu 13 haina tena instola ya i386, huyo ni 12 mpaka mwisho wake. Na kusema ukweli Bibi hafai kwa fomu, nimemjaribu, ukurasa mmoja wa Firefox unajaza GB 1 yote na swapu (diski ikitumika kama ramu) inaanza kusaga diski mpaka unasikia. Nimemuwekea AbiWord na yeye ni wa kuchapa barua tu, kibodi yake ni nzuri kuliko zote, mama mdogo kamng'ang'ania mwenyewe.

Hajui kuamka akilala. Ukifunika mfuniko skrini inabaki nyeusi mpaka uzime kwa nguvu. Nimejaribu maneno mawili matatu ya kubuti kwa muda wa chai, hayajasaidia, nikamwambia logind, programu inayosimamia mfuniko, asifanye chochote mfuniko ukifungwa, HandleLidSwitch=ignore, yameisha.

Jumamosi 16 Agosti

Nimepita dukani. Bubu ana mtu, Mbishi ana mtu, Kichaa ana mtu na foleni ya wawili. Bibi anachapa barua ya kuomba uhamisho wa mwalimu. Nilimuomba yule kijana wa Kichaa dakika moja nikafungua terminali, uptime inasema imewaka siku hiyo toka saa mbili asubuhi, mstari wa 16 wa /proc/interrupts unasoma 214380, nikasukuma mausi, 214952.

Kijana akauliza kaka kuna shida? Hamna, endelea kujaza.